Guadalajara ni Bonde la Mawe

Mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya kupigia deki, hasira hunipanda. Baba alikuwa msafishaji wa shule yetu. Nyumbani alinifundisha kwamba Guadalajara, mji wa Meksiko wenye jina la Kihispania, asili yake ni Kiarabu: wadi al-hijara, bonde la mawe.

Nikalisema darasani. Mwalimu akacheka, akamgeukia Baba aliyekuwa akipita mlangoni na ndoo yake.

"Eti ni wewe uliyemfundisha hivi?"

"Hapana, mwalimu. Mtoto kajitungia tu."

Darasa zima likaangua kicheko.

Kwenye treni ya kurudi nyumbani Lidcombe, kitongoji tulichoishi ugenini, Baba akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Mwanangu, ni bonde la mawe kweli."

Katika behewa zima hakukuwa na mwingine ajuaye Kiswahili, na bado alinong'ona.