Nilisema Ninaenda Kushona

Mwaka nilioomba nafasi katika fakulte ya wahandisi, barabara yetu nzima huko Ruashi, Lubumbashi, ilijua kwamba ninakwenda kujifunza kushona. Nilikuwa nimewaambia mwenyewe. Nilimwambia muuza mkate, nikawaambia wenzangu wa kwaya, nikamwambia na bibi wa nyumba ya pili ambaye wala hakuwa ameniuliza. Uongo ulinikaa vizuri mdomoni, hata yule bibi akaja na kitenge chake, akaniagiza nikishafuzu nimshonee blauzi ya mikono mipana.

Ilikuwa amri ya mama. Kwetu, mwenye safari, mimba au mtihani hatangazi. Babu yetu alishuka kutoka kaskazini na kazi ya reli, sisi ni Wakatoliki tangu yeye, misa hatukosi. Lakini jicho la jirani bado tunaliogopa, na sijaona padre aliyeweza kutuondolea woga huo. Tena mama alikuwa na ushahidi wake, kaka yangu mkubwa. Mwaka alipoomba fakulte hiyohiyo, mjomba alisimama katikati ya matanga, watu wamejaa uani, akatangaza kwamba ukoo sasa unapata injinia. Watu walipiga makofi. Kaka akaanguka mtihani, na mpaka leo yuko Kipushi, anauza vocha za simu karibu na mpaka.

"Bale bantu benye balipiga makofi," mama alisema kila mara, "moya kati yabo hakukuwa anafurahi."

Hakuna aliyeuliza kama kaka alikuwa amesoma. Mimi ninajua hakusoma, kwa sababu chumba changu kilipakana na chake na nilimsikia akicheka na simu yake siku nzima. Lakini nani angenisikiliza? Na niseme ukweli, hata mimi niliamini. Niliamini kwa sababu ilinipendeza kuamini kwamba mtu akishindwa, kuna aliyemshinda kwa siri.

"Concours ni mara moya," mama aliniambia kuhusu mtihani wa kuingia fakulte, siku diploma yangu ya serikali ya kumaliza sekondari ilipotoka. "Mwaka unakuya ni zamu ya mudogo yako. Njo maana funga kinywa."

Nikafunga. Nilitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Tangu utoto nimeona malori yakipita na mawe ya kijani, vumbi lake likiingia kwenye nguo tulizoanika na kwenye sufuria ya mboga, na hakuna mtu mzima aliyeweza kunieleza kinatolewa nini ndani ya mawe hayo na kwa njia gani. Mwalimu wa kemia alinieleza nusu saa moja tu, nilipokuwa darasa la nne la sekondari. Kuanzia hapo nilijua ninataka kuwa nani, na nafasi zilikuwa chache, na wote waliozitaka niliwahesabu kuwa wezi.

Kukusanya dosye, yaani karatasi za maombi, bila kuonekana kulikuwa kazi. Shuleni nilimwambia katibu kwamba shule ya kushona inadai ripoti zangu za miaka miwili ya mwisho. Alipitia alama zangu za fizikia, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Kwa kushona banauliza points za physique?"

"Iko école sérieuse, banauliza masomo yote," nikamjibu.

Akapiga mhuri. Nilitoka pale nikijiuliza kwa nini ameniuliza vile, atamwambia nani, na kama mke wake si rafiki wa mtu fulani. Kila swali lilikuwa na mguu wa pili nyuma ya mlango.

Siku ya kupeleka dosye kampasi, dirishani alikuwepo mama mmoja mwenye sauti ya upole. Alisoma jina langu, akatabasamu, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, na kwetu hasa ni wapi. Swali hilo Lubumbashi huulizwa hata ukinunua nyanya. Mimi lakini sikulichukua hivyo. Nilijiambia: huyu anatafuta ukoo wangu, ajue kama kuna mkubwa atakayemlaumu jina langu likifutwa. Kisha akaniomba namba ya simu.

"Tukiwa na habari, tutakuita," alisema.

Nikaandika namba ya mama, ile tuliyoitumia nyumbani. Nilipofika tarakimu ya mwisho, badala ya saba nikaandika moja. Sikuwa nimepanga. Mkono uliamua, na mimi nikaukubalia. Nilirudi Ruashi nikijiona mjanja kuliko mji mzima, na nilipomweleza mama, alinigonga begani kwa furaha kama mtu aliyezaa mtoto mwenye akili.

Sasa kulikuwa na rafiki yangu. Tulikaa dawati moja miaka minne, tulitumia kikokotoo kimoja, na nyumba yao iko nyuma ya parokia. Yeye naye aliomba fakulte hiyo, na aliwaambia watu wote. Alimwambia padre, alimwambia fundi wa baiskeli, aliwaambia hata watoto aliokuwa akiwafundisha katekisimu. Jambo hilo lilinitia mashaka zaidi kuliko kama angeficha. Mtu gani anatangaza hivyo, kama si mtu ambaye nafasi yake imeshawekwa pembeni? Mjini walisema nafasi zina wenyewe kabla ya mtihani. Mama yake aliimba kwaya moja na mke wa profesa mmoja. Mama yangu aliposikia hayo, aliitikia kwa kichwa polepole, kama hakimu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nilijiambia, nikaanza kumtazama rafiki yangu kama nguo yenye chawa.

Alikuja mwenyewe kuniomba.

"Kuya unisaidie physique. We unaenda kushona, hauna presha. Miye minakufa na bile bintu."

Nikaenda. Majuma matatu, kila alasiri, tulikaa barazani kwao na bahasha ya plastiki yenye maswali ya miaka iliyopita. Nilijifanya ninamsaidia kwa wema. Nikifika nyumbani niliyaandika yote kutoka kichwani, nikayaficha kwenye beseni chini ya vitambaa ambavyo mama alinunua ili wageni wavione. Swali likiwa gumu, nilidhani amelitunga yeye ili anipime. Likiwa rahisi, nilidhani magumu ameyaficha. Aliwahi kugeuza simu yake kifudifudi nilipoingia, na jambo hilo nililitafuna siku mbili.

Mara nyingine nilikosea kwa makusudi, asije akaona kwamba ninajiandaa. Na siku moja yeye ndiye aliyekosea. Lilikuwa swali la gari dogo la mawe linaloteremka mteremko, akaweka nguvu ya msuguano upande usiostahili, akafika mpaka mwisho, akaniuliza, "Iko bien?" Niliona kosa lake tangu mstari wa tatu. Nikamwambia iko bien, ni sawa. Alinishukuru, akaenda ndani kuniletea chikwangue, mkate wa muhogo, na samaki. Nilikula. Sijawahi kumwambia mtu jambo hilo, na ninapoliandika ninaona aibu ileile.

Alinieleza mengine pia, bila kuulizwa. Mtihani ni Jumamosi, saa nane mchana. Kuna kikundi cha WhatsApp cha watahiniwa, habari zote hupita hapo. Nilitamani kumwomba aniingize. Lakini fundi cherehani anatafuta nini katika kikundi cha wahandisi? Nikanyamaza. Saa nane nayo sikuiamini kwa sababu imetoka kinywani mwake. Jumatatu nilikwenda kampasi mwenyewe, nikasoma karatasi kwenye ubao wa matangazo, ule tunaouita valve, nikainakili mara mbili. Jumamosi, saa nane mchana. Alikuwa amesema kweli, na badala ya kutulia nilijiuliza anataka nini kwangu hata aniambie kweli.

Kuanzia kesho yake mama alinifungia nyumbani. Alitoa kadi ya simu akaiweka ndani ya sidiria yake, kwa kuwa alisema simu ndiyo mlango wa baloji, hao wachawi wa siku hizi. Rafiki yangu alikuja Alhamisi. Nilimsikia langoni akiuliza kama nipo, na mama akimjibu nimekwenda kwa fundi kupimwa mkono wa kukata vitambaa. Tuliendelea na novena, sala za siku tisa tulizozianza juma lililotangulia. Mama alikwenda kuomba misa, na parokiani walipomwuliza ni kwa nia gani, alisema waandike "nia ya pekee", akakataa kutaja jina, maana hata padre ana ndugu zake.

Jumamosi nilikunywa chai aliyoipika kwa mkono wake mwenyewe. Hakunipa mkono, hakunikumbatia. Alinipaka maji ya baraka kwenye paji la uso na kunisukuma nje kupitia njia ya nyuma. Nilijifunga kitenge kama mtu anayekwenda sokoni. Kalamu na kikokotoo cha zamani cha kaka vilikuwa mkobani, chini ya kipande cha kitambaa na utepe wa kupimia. Nilitembea nikitazama nyuma, na aliyenisalimia nilimjibu bila kusimama.

Nilifika kampasi karibu saa sita, saa mbili nzima kabla ya wakati. Ua ulikuwa umejaa vijana wanaotoka ukumbini. Walikuwa wakibishana kuhusu majibu. Nilidhani ni watu wa fakulte nyingine, nikapita katikati yao mpaka kwenye valve.

Juu ya karatasi niliyoinakili palibandikwa nyingine. Ilikuwa ya Jumatano. Ukumbi utahitajika kwa kazi nyingine mchana, mtihani utaanza saa moja na nusu asubuhi, watahiniwa wote wamearifiwa kwa simu.

Niliisoma mara tatu. Wazo langu la kwanza, na ninalisema kama lilivyokuja, lilikuwa hili: nani amenifanyia hivi? Nikakimbilia dirishani kwa yule mama wa sauti ya upole, tayari kumtukana.

Alitafuta dosye yangu, akaifungua.

"Mademoiselle, tulikuita mara tatu. Alijibu papa moya, muntu wa Likasi. Alisema yeye hana mutoto anasoma, hata moya." Akageuza kurasa taratibu, akatazama alama zangu. "Na points yako iko mazuri hivi! Juu ya nini hukuya kuangalia valve tena?"

Nilisema asante, mama. Moja badala ya saba. Nilikuwa nimeiandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Nilipogeuka nikamwona rafiki yangu. Vidole vyake vilikuwa na wino, na jasho kwenye pua. Aliponiona alipiga yowe, akaja mbio akanikumbatia mbele ya watu wote, na mimi niliyenyimwa mkono na mama yangu nilikuwa nimesimama wima kama mti wa umeme.

"Ulikuya juu yangu, kuniangalia! Nilimuambia mama: ule muntu hatanisahau. Nani alikuambia bale balibadilisha saa?"

Kisha akanivuta mpaka kwa wenzake, mkono wake shingoni mwangu.

"Huyu njo alinisaidia physique. Angefanya concours huyu, angetupita shiye bote. Lakini yeye anapenda kushona."

Wakanitazama. Mmoja akaniuliza, bila ubaya, kama ni kweli.

"Ndiyo," nikasema. "Ninapenda."

Alitaka twende wote mtaa wa Karavia kunywa kitu baridi. Nikasema mama ananingoja. Alibeba mkoba wangu mpaka barabarani, akasema ni mzito, nikasema ni mikasi. Nilitamani kumwambia pale pale. Maneno yalifika mpaka kwenye meno, nikaona uso wake ulivyofurahi, na nikayameza, safari hii si kwa woga wa jicho lake. Niliona haya tu.

Mama alikuwa langoni, sahani ya mboga za lenga-lenga mapajani, anachambua. Alitazama jua, akanitazama mimi, akajua ni mapema mno. Nilimweleza: wamebadilisha saa, wamefanya asubuhi, wamemaliza. Namba sikuitaja, maana alikuwa anaijua.

Hakuuliza kuhusu karatasi ya ubaoni. Aliinuka, akatazama barabara juu na chini, akafunga lango.

"Ulimuambia nani?"

"Sikuambia muntu."

"Fikiri muzuri. Kwaya? Ule rafiki yako? Hata moya?"

"Hata moya, mama."

Akakaa tena. Aliokota jani moja la mboga, akaligeuza, hakulichambua. Nje ya lango watu walisikika wakisalimiana. Kisha akaniuliza mara ya tatu, kwa sauti ya chini, na safari hii niliona usoni mwake kwamba alikuwa ananiomba nimtajie mtu, yeyote.

"Hakuna," nikasema.