Picha ya Bibi wa Barazani Ambayo Hamtaiona

Leo nimekemewa na bibi wa watu mpaka simu ikataka kuniponyoka.

Nilikuwa napiga picha mlango wa nakshi kichochoroni. Pembeni bibi mmoja kakaa barazani, mikono imejaa hina mbichi, ushungi umemteleza.

Nikabonyeza. Kumbe naye kaingia pichani.

"We mtoto! Hata shikamoo hukunambia, ushanpiga picha kichwa wazi? Na mikono hii ntajifunikaje?"

Darasani niliwahi kutetea, tena kwa Kiingereza, kwamba njiani ni pa watu wote na picha ruhusa. (Msinicheke.) Leo hoja hiyo niliiacha hukohuko darasani.

Nikaifuta picha mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Halafu, sijui ujasiri niliupata wapi, nikamwinulia ushungi, nikamfunika vizuri.

Akanitazama kidogo. "Haya, sasa nipige. Na mikono ionekane, mjukuu wangu anaolewa kesho."

Nikapiga, nikamwonesha.

"Ebo! Kumbe mie mzuri bado!"

"Niiweke mtandaoni, bibi?"

"Ah-ah. Hiyo yetu, mie na wewe."

Ndo maana hapa hakuna picha. Nanyi huwa mnaomba kwanza, au mnabonyeza tu kama mie?