Kitovu Changu Chini ya Mgomba

Juzi wajukuu waling'oa mgomba wa mwisho nyuma ya nyumba yetu hapa Kanazi. Mnyauko ulishaumaliza, ukikata shina linatoa utomvu wa njano, na bwana shamba alisema ung'olewe na mizizi yake yote. Nilikaa kwenye kigoda nikiwatazama, na badala ya kuulilia mgomba nikajikuta nina wivu. Ndiyo, wivu, katika umri huu. Ngoja nikueleze, ingawa mimi nikianza kueleza nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Chini ya mgomba ule kilizikwa kitovu changu. Kwetu ndivyo ilivyokuwa: kitovu cha mtoto kikidondoka, bibi yake anakizika shinani mwa mgomba. Bibi aliupalilia ule wangu kama kaburi la padri. Na ndizi zake, usiniulize. Zikipikwa na maharage, zikafunikwa kwa majani, harufu ilifika barabarani. Siku hizi tunakula ugali hadi tumbo linauliza kulikoni.

Basi, miaka ile watu wa Burundi walipovuka mto Ruvubu kukimbia, familia moja ilipewa kipande cha ardhi jirani na sisi. Walikuja na sufuria moja, mkeka, na binti wa rika langu. Baba yake zamani alikuwa na ng'ombe. Kwetu alilima kibarua. Jioni, mkewe akimenya viazi vitamu, yeye alitandaza jivu chini, akachora herufi kwa kijiti, na binti akazisoma kwa sauti hadi sisi majirani tukazijua. "Ng'ombe hawakuvuka mto," alizoea kumwambia. "Kilichomo kichwani kitavuka."

Kwetu maneno yalikuwa mengine. Baba mkubwa, kifungua mimba wa bibi, alisoma kwa mapadri, akaenda Mwanza kuwa karani, akapotelea huko. Hata babu alipozikwa hakuonekana. Tangu hapo bibi akimwona mtu na kalamu alitema mate pembeni. Simlaumu sana. Kidogo namlaumu.

Darasani nilimshinda yule binti hesabu. Yeye alinishinda kusoma, akanitania, "Ninyi mmeshiba ndizi, ndiyo maana mnasinzia." Nami namjibu, "Na wewe unasoma kwa kuwa huna cha kutafuna." Kisha tunacheka, namgawia ndizi yangu.

Nilipofika darasa la nne bibi akasema inatosha. Mwalimu akaja mwenyewe, kwa miguu, kuniombea.

"Shikamoo, mama. Huyu mtoto ana kichwa. Mwache aendelee."

"Marahaba, mwalimu. Kichwa chake nakijua, nilikuwa nakinyoa mwenyewe. Shule imeshanila mtoto mmoja. Huyu kitovu chake kiko hapa, naye atakaa hapa. Kula ndizi, zitapoa."

Mwalimu akala. Nilikuwa nyuma ya mlango nikingoja aseme neno la pili. Alisifu maharage, akaaga.

Kesho yake nilikuwa shambani na jembe, yule binti akapita na sare yake, akanipungia mkono. Sikuupunga wangu. Nilitamani na kitovu changu kingebaki ng'ambo ya mto kama chake.

Binti yule akasoma, akawa muuguzi kule Biharamulo, hadi akastaafu. Mwaka jana alinitembelea kwa gari, akasimama pale kwenye mgomba muda mrefu. "Mwenzangu," akasema, "wewe unajua kitovu chako kilipo. Mimi changu, hata mlima kilikozikwa siukumbuki." Machozi yalimtoka. Nikamkatia mkungu, tukaupakia. Nilimhurumia kweli, mpaka gari lilipokata kona. Kisha wivu ukarudi mahali pake ukakaa.

Sasa pale nyuma kuna shimo. Bibi alishaondoka, mwalimu pia, na harufu ile ya majani ya migomba yakifunuliwa hata pua yangu inaanza kuisahau. Asubuhi mjukuu wangu wa kike, begi mgongoni, alichungulia shimoni.

"Bibi, kitovu chako bado kimo?"

"Hakuna kitu humo. Nenda shule, umechelewa."

Akaondoka mbio, viatu vikipiga vumbi, hata hakugeuka. Nilimwangalia hadi akapotea kilimani, nikaona kumbe hata yeye namwonea wivu.