Yowe Lililoishia Kwetu

Kazi yangu ni kupokea na kupitisha. Ardhi ikitetemeka chini ya bahari huko Sumatra, vipimo vilivyo baharini vinatuma habari kwa setilaiti, wataalamu wa ng'ambo wanaandika tahadhari ya tsunami, na tahadhari hiyo inaingia kwenye mtandao wa mawasiliano wa kimataifa. Inapita nchi hadi nchi mpaka inalia kwenye kompyuta za ofisi yetu ya hali ya hewa Dar es Salaam. Aliye zamu anaisoma na kuipitisha kwa wanaohusika na pwani. Siku nyingine zote mtandao huohuo unabeba mvua, joto na upepo tu. Mara kwa mara tunafanyiwa jaribio: ujumbe wa kujaribia unatumwa, na kila nchi inajibu umeingia saa ngapi.

Wafanyakazi wapya nawafundisha mimi, na sheria yangu ya kwanza naisema huku nikigonga meza: usikae na ujumbe. Hata ukiuona wa ajabu, pitisha kwanza, maswali baadaye. Kituo kimoja kikinyamaza, aliye mbele yake anadhani bahari imetulia. Wananiogopa kwa hilo, na mimi napenda wanavyoniogopa.

Haya, sasa sikilizeni nilichokifanya mwenyewe.

Kiangazi kimoja nilikwenda likizo kwetu Mabawe, wilayani Ngara, kumwona baba, ambaye anaishi peke yake tangu mama afariki. Siku ya kwanza tu nikaanza maringo. Tulikuwa uani tunapukuchua maharage, baba, mimi, na bibi mmoja jirani yetu wa upande wa nyuma ya kilima. Bibi huyu alivuka kutoka Burundi miaka ile ya vita, akakaa kambini Lukole, na baadaye baba akampa kipande cha kulima. Nikawaeleza mitambo, setilaiti, ujumbe unaovuka bahari kabla mtu hajamaliza kunywa chai. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mbona hilo ni yowe tu. Hata sisi tunalo."

Nikacheka. "Baba nawe! Hii ni mitambo, inapita angani."

"Na yowe linapita wapi?" akauliza. Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi.

Kwetu yowe, ambalo kwa lugha ya nyumbani tunaliita induru, si kelele za mtu aliyeshtuka. Anayeona hatari, iwe mwizi au moto, anapaza sauti mkono ukiwa mdomoni. Kila anayesikia analirudia kwanza akiwa uani kwake, halafu ndipo anashika panga au tawi bichi na kukimbilia linakotoka. Nyumba yetu iko juu kabisa mgongoni mwa kilima. Wa bondeni hawasikiki kwa wa nyuma, na wa nyuma hawasikiki bondeni. Kwa hiyo mayowe yote ya pande mbili hupitia uani kwetu. Nililijua hilo tangu utotoni, hakuna wa kunisingizia ugeni.

Siku ya Alhamisi baba alikwenda mjini Ngara kutazamwa macho. Alipofika njiani aligeuka akauliza, "Lakini wewe upo nyumbani?"

"Nipo, baba."

Likamtosha, akaenda zake.

Saa nne asubuhi nilikuwa kwenye kona ya baraza, mahali pekee penye mtandao mzuri, naongea kwa video na mwenzangu wa ofisini. Upepo ulikuwa mkali. Yowe likapanda kutoka bondeni, wazi kabisa. Mwenzangu akauliza, "Hizo kelele za nini huko?"

Nikamjibu, "Aa, walevi wa huku, usijali."

Walevi! Saa nne asubuhi! Jamani, mdomo huu.

Likalia tena, safari hii sauti nyingi. Nikakata simu, nikafanya nini? Nikampigia mwenyekiti wa kitongoji ili nithibitishe. Iliita mpaka ikakatika. Angepokeaje, naye ameshika tawi anapiga moto? Basi nikasimama katikati ya ua, mkono nikauweka mdomoni kama mama alivyonifundisha, na sauti haikutoka. Koo lilikuwa zima. Niliona haya. Niliwaza nitakavyosikika, mwanamke mzima wa mjini, nywele zimesukwa juzi, nabweka kilimani. Nikajiambia kwamba kama ni jambo kubwa watakuja. Nikaingia ndani nikabandika chai. Naandika hivi na uso unaniwaka.

Bondeni mtu alikuwa anachoma mabaki shambani, upepo ukamnyang'anya moto. Watu waliukata upande wao, lakini ncha moja ilipita kwenye nyasi kavu, ikazunguka ubavu wa kilima na kutokea nyuma. Mimi niliuona moshi kupitia dirisha la jikoni, kikombe kikiwa mkononi. Nikakimbia bila viatu.

Nilimkuta bibi amekaa chini karibu na shina la mgomba, mikono yote miwili ameitumbukiza kwenye beseni la maji. Jiko lake la nyasi lilikuwa limekwisha. Nyumba ya bati ilisimama. Mbuzi wake wawili alikuwa amewafunga malishoni. Mmoja aliwahi kumfungua, kamba ikiwa tayari inawaka. Wa pili hakuwahi.

"Shikamoo, bibi," nikasema, kwa ujinga tu, sikuwa na neno jingine.

"Marahaba, mwanangu." Akaonyesha kilimani kwa kidevu. "Nilisikia kitu kwa mbali. Nikasimama, nikatega sikio huko kwenu. Kimya. Nikasema, leo mwenyeji yupo, kungekuwa na jambo angeita. Nikarudi kwenye maharage yangu. Nisamehe, nimewasumbua."

Nisamehe! Yeye ananiomba mimi! Mtu aliyevuka mpaka kwa miguu na mtoto mgongoni anajua kukimbia kuliko sisi sote. Hakukimbia kwa sababu aliniamini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tulimpeleka zahanati, nesi akamfunga bendeji, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka tena.

Baba aliporudi jioni alishaambiwa njiani. Aliniuliza neno moja tu, "Ulisikia?"

"Nilisikia."

Akavua kofia, akaingia ndani. Angenipiga ningemshukuru.

Kwetu asiyepitisha yowe ana adhabu yake. Analeta pombe ya ndizi kwenye mkutano wa kitongoji, anakiri mbele ya watu, wanamzomea, wanamkemea, halafu wanakunywa naye, na siku hiyohiyo limekwisha. Hakuna atakayelitaja tena. Mimi niliitaka adhabu hiyo kama mgonjwa anavyotaka dawa. Jumapili baada ya misa nikatafuta pombe dumu zima, nikalibeba mwenyewe mpaka kwa mwenyekiti. Bibi alikuwepo, mikono imefungwa, akanisogezea nafasi kwenye mkeka.

Zamu yangu ilipofika nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno yote, nikiri kila kitu, hata lile la walevi. Kabla sijafungua mdomo, baba akasimama. Mzee yule hajawahi kuomba upendeleo maisha yake yote. Hakunitazama.

"Huyu msimtoze," akasema. "Yowe hudaiwa mwenyeji. Huyu ni mgeni."

"Baba, mimi si mgeni," nikasema. "Nilisikia. Nilijua."

Watu wakatazama chini. Mama mmoja akanishika gauni polepole, akasema kwa upole, "Kaa, dada, karibu, upumzike." Akaniita dada, mtu niliyesoma naye darasa moja.

Mwenyekiti akamshukuru baba, akafungua daftari na kuanza habari za mbolea ya ruzuku. Nilikaa mpaka mwisho. Watu walipotawanyika waliniaga vizuri mmojammoja, wakaniuliza narudi lini Dar es Salaam, na dumu langu nikalibeba kurudi nalo, limejaa vilevile.