Niliwapaka Mafuta Vijana wa Kikapu, Msimu Ukateleza

Nilimharibia kijana wa watu maisha yake kwa kiganja kimoja cha mafuta. Ndivyo ilivyo, sizungushi. Jina langu silitaji. Bariadi nzima itanijua, na mimi kuchekwa sijazoea.

Shule niliiacha darasa la pili nikaenda kuchunga. Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba, nilianza na baiskeli nikaishia na lori. Kwa hiyo chuo cha ualimu cha huku kwetu kiliponiomba niwe mlezi wa timu yao ya mpira wa kikapu, sikushangaa. Wangemwomba nani mwingine? Lori la kuwabeba lilikuwa langu!

Mpira wenyewe siujui. Lakini mwaka ule hata asiyejua aliona. Vijana warefu, wana pumzi, na nahodha wao Kija (jina nimembadilisha) akirusha kutoka mbali, mpira unaingia bila kugusa chuma. Sokoni nikatangaza, "Msimu huu kombe linalala Bariadi! Asiyetaka ahame!"

Kabla msimu haujaanza ikapangwa mechi ya kupimana nguvu na chuo kimoja kutoka Shinyanga. Bwana mmoja wa shirika la umma la Mwanza angekuja kumwangalia Kija. Mashirika wakati ule yalikuwa yanauzwa moja moja, ila hilo bado lilikuwa na timu, na mchezaji akichukuliwa anapewa na kazi. Kija alikuwa na mama mjane na wadogo wanne. Aliniambia, "Baba, nikikosa hii, hakuna nyingine."

Nikasema hapa lazima nitie mkono wangu. Eh, nikautia!

Ujanani nilicheza ngoma za Kisukuma, upande wa Bagalu. Tukienda kushindana na wapinzani wetu, Bagika, kiongozi wetu alitupaka dawa, na watazamaji wote walihamia kwetu, wenzetu wakabaki wanacheza na vumbi. Niliyaona kwa macho yangu. Nikamweleza mwalimu wa timu. Akacheka.

"Mzee, hapa hatuhamishi watazamaji. Tunahesabu mipira iliyoingia."

Kijana wa juzi ananifundisha mimi kushinda!

Nikaenda kwa mganga peke yangu. Akanipa dawa iliyokorogwa na mafuta ya kondoo. Nikaitia kwenye kichupa cha losheni ya nje. Siku hizo maduka yalishaanza kujaa vitu hivyo, na chochote chenye maandishi ya kigeni watu walikiamini. Mwalimu alipokwenda kuwapokea wageni, nikawapaka vijana viganjani. "Dawa ya misuli hiyo, imetoka Nairobi." Kija akataka kujifuta kwenye kaptula. Nikamkemea, "Usifute! Inaingia ndani."

Jamani! Mpira ulimtoka Kija mikononi kama kambale. Anadaka, unachomoka. Anarusha, unakwenda kwa watazamaji. Wenzake nao hivyo hivyo. Wageni walidhani ni jasho; wakawa wanaufuta mpira kwenye fulana zao na kuendelea kufunga. Na watazamaji kweli walihama. Walihama wakicheka! Yule bwana wa Mwanza hakungoja hata mapumziko.

Maneno yakaanza jioni ile ile: nahodha kanunuliwa na Shinyanga. Kesho yake mkuu wa chuo akaita kikao, akaniuliza mimi mlezi naonaje. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema ukweli. Nikakohoa. Nikasema, "Vijana wa siku hizi wana tamaa."

Mungu anisamehe!

Tulipotoka nje Kija akanifuata. Akainua kiganja chake, akakinusa.

"Baba, yale mafuta yalikuwa ya nini?"

"Si nilikwambia? Ya misuli."

"Baba, mimi nimechunga kondoo."

Basi. Wala hakurudi ndani kunitaja. Mzee haumbuliwi mbele za watu, ndivyo alivyolelewa. Wakamvua unahodha, wakamtoa na kwenye timu. Msimu ulipoanza tulifungwa mechi zote, tena nikiwabeba kwa lori langu mwenyewe kwenda kufungwa.

Mke wangu nilipomweleza, aliacha kupepeta mchele. "Baba watoto, ng'ombe tunampaka mafuta kwenye chuchu ili mkono uteleze. Wewe umempaka mtu anayetakiwa kushika?"

Nilitaka kumlaumu mganga. Siwezi. Mganga alisema nipake miguuni, kama kwenye ngoma. Viganja niliongeza mimi, kwa ujuaji wangu. Nilisema, hawa si wanacheza kwa mikono?

Lile shirika nalo liliuzwa. Kija ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Tukikutana sokoni Somanda anainama kidogo, ananipa mikono miwili, ananisalimia Kisukuma: "Mwadila, baba." Mimi kwanza nafuta mkono wangu kwenye koti. Miaka yote hii! Na ule uongo wa kwenye kikao sijaufuta, mpaka leo ninapowaandikia ninyi wa gazeti. Najua Kija anasoma magazeti.

Juzi wanafunzi wa chuo kile wamekuja nyumbani. Wanafufua timu. "Mzee, msimu ujao unatuonaje?" Nikawaambia mtashinda, mradi mlezi asiwe mimi. Wakacheka sana, mzee ana utani. Wakaniandika mlezi.

Wazee wenzangu wenye malori na sauti kubwa: mkiitwa kulea timu, toeni lori, toeni maji ya kunywa, mkae kimya. Na mkikosea, semeni siku ile ile, mbele ya wale wale waliowasikia mkidanganya. Ukingoja, mdomo unaota kutu.

Na wewe kijana, mzee akikupaka kitu mkononi usichokijua, kifute! Heshima utampa baadaye.