Stima Zilizopotea Chini ya Barabara

Harufu ya lami ya moto hunirudisha Minneapolis, Septemba moja ya miaka ya tisini, nilipokuwa msichana wa miaka minane. Mafundi walichimbua barabara mbele ya nyumba yetu, zikatokea reli za tramu ambazo hakuna jirani aliyejua zimo. Baba, aliyesomea uhandisi wa umeme chuoni kwao Kenya, alifurahi kupita kiasi. Chakula kikapoa huku akitueleza kwamba katika miji mingine, ambako wakubwa hawakutaka nyaya angani, umeme ulipitishwa kwenye mfereji chini ya barabara, na tramu ikaufikia kwa mkono wa chuma kupitia ufa kati ya reli. Kwingine walipanga vifungo vya chuma barabarani, vikipata umeme tramu ikiwa juu yake tu. Kimoja kikikataa kuzima, farasi aliyekikanyaga alikiona cha moto. Nikauliza, kwa Kiingereza kama kawaida yangu, stima za tramu zetu zilikwenda wapi.

"Hizo zilipotea kitambo," akajibu.

Mkenya yeyote anajua kwamba stima zikipotea, umeme umekatika. Mimi, mtoto wa Minnesota, nilijua kupotea ni kukosa njia ya nyumbani. Nikaziona zikitangatanga chini ya ardhi, zikitafuta mguu wa kushika. Asubuhi nikagoma kuvuka kwenda kwenye basi la shule. Mama, aliyekuwa muuguzi hospitalini Coon Rapids, nje ya mji, alinibeba huku akichelewa kazini. Jioni niliposema sababu, alicheka, kisha akamgeukia Baba. Mwalimu wangu alikuwa ameshawaambia kwamba lugha mbili zinanivuruga.

"Kuanzia leo ni English tu hapa kwa nyumba," Mama akasema. "Si unaona vile ame-confuse?"

"Amekosea juu anaskia," Baba akajibu, maana yake nimekosea kwa sababu ninaelewa Kiswahili. "Wacha askie."

Niliogopa kuliko nilivyoogopa reli, maana Kiswahili ndicho walichotumia kunibembeleza. Baba akanishika mkono tukatoka. Akasimama juu ya reli, akanieleza upya, kwa Kiswahili kitupu, mpaka nami nikakanyaga. Mama alitutazama akiwa mlangoni.

"Rudini ndani," akaita hatimaye kwa Kiswahili, "chai inapoa."

Siku hizi treni za umeme zimerudi mjini, na nyaya zake ziko juu, kila mtu anaziona. Baba hayupo tena duniani. Wanangu hawajawahi kuogopa chochote kwa sababu ya neno la Kiswahili, na jambo hilo linaniuma. Mama akipiga simu, akianza tu kuwasalimia kwa Kiswahili, wananiletea simu.