Mafunda Thelathini na Saba ya Mama Shibe

Wapishi wenzake wanaingia mmoja mmoja, wanamsalimia, naye hajibu. Amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya stoo ya jiko la shule ya bweni, mgongo ameuegemeza, nyayo zimetulia sakafuni. Mkono wake wa kulia uko juu ya gunia la mchele, umefungwa kipimo cha presha kinachomkaza taratibu. Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi, na kwa dakika tano hizi hasemi na mtu.

Mashine inalia. Anasoma, anaandika kwenye daftari, ndipo anapogeuka. "Haya, hamjambo? Nani ameacha mlango wazi?"

Mpishi aliyeajiriwa mwezi uliopita anakiri kwamba mwanzoni alimchukia. "Nilisema huyu mama ana maringo. Namwamkia, anaangalia ukuta. Kumbe ukiongea presha inapanda."

Kipimo cha leo ni 126 kwa 78. Wanafunzi 420 wa shule hii humwita mpishi mkuu wao Mama Shibe, kwa sababu hajui kupakua kidogo. Ana miaka 47, kumi na tisa kati yake ameimaliza mbele ya masufuria haya. Na ana figo iliyokuwa ya mdogo wake wa kiume, fundi bomba, aliyempa miaka miwili iliyopita.

Kabla ya hapo alisafishwa damu kwa mashine kwa miaka minne, mara mbili kila wiki, saa nne kila mara. "Nilikuwa natoka pale nimechoka kama nguo iliyokamuliwa," anasema. Baada ya upasuaji alirudi jikoni, na fundi bomba akaanza utani wake wa kumpigia simu kila Jumapili: "Huyo mpangaji wangu hajambo?"

Mpangaji alikuwa hajambo kwa mwaka mzima. Kisha presha ikaanza kupanda: 150, 159, na asubuhi moja 168 kwa 102. Daktari alimweleza bila kuzunguka kwamba presha ya namna hiyo huila figo polepole, na kwamba ikiendelea atarudi kwenye mashine. Akaongezewa kidonge cha pili, kisha cha tatu. Presha haikushuka.

Kila muuguzi wa kliniki alipomuuliza anakula nini, alijibu bila kukwama. Mboga za kuchemsha. Wali bila chumvi. Chumvi nyumbani kwake aliiondoa mezani, akaiondoa na kabatini. Hakudanganya hata neno moja.

Kilichomtesa zaidi ni mdogo wake. Kwa miezi mitatu alimficha. "Mtu amepasuliwa ubavu kwa ajili yako, halafu umwambie kitu chake kinaharibika mikononi mwako? Kila Jumapili nikimwambia hajambo, nilikuwa nikikata simu nalia."

Siku daktari alipotaja vipimo vya kuangalia kama mshipa unaopeleka damu kwenye figo umeziba, alishindwa kujizuia, akamwambia yote. Fundi bomba akauliza kama lile bomba la sinki la jiko la shule bado linavuja.

Alifika siku ya pili yake na mfuko wa vifaa. Alilala chali chini ya sinki toka chai ya asubuhi hadi karibu na chakula cha mchana, kazi ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, ilihitaji nusu saa. "Kazi yangu ni kutafuta panapovuja," ananiambia, akicheka. "Nilijua kwake nyumbani hapavuji. Pakabaki hapa."

Wanayakumbuka mazungumzo yaliyofuata neno kwa neno.

"Dada, tangu asubuhi umekula nini?"

"Sijala kitu. Nikishapakua nitakula."

"Umekunywa mafunda thelathini na saba ya mchuzi. Nimehesabu."

"Hayo si ya kula. Nilikuwa naonja."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Kwa mpishi, kuonja ni kazi, kama kukoroga na kuchochea moto. Sufuria sita, kila moja mara sita, saba, chumvi ikiongezwa kidogo kidogo. Hakuwahi kufikiri kwamba tumbo halijui tofauti. Muuguzi alipopiga hesabu, ilikaribia kijiko kizima cha chai cha chumvi kwa siku. "Nilicheka, nikalia, nikacheka tena," anasema. "Nilikuwa naitunza figo nyumbani, nikifika kazini naikaanga."

Kuacha hakukuwa rahisi. Siku ya kwanza bila kuonja mchuzi ulitoka chapwa, siku ya pili ukawa na chumvi ya kutisha, na wanafunzi hawakuficha hisia zao. Sasa chumvi inapimwa kwenye mizani, vipimo vya kila sufuria vimeandikwa ukutani kwa chaki, na anayeonja ni Mama Pacha, msaidizi wake. "Ameninyang'anya cheo," Mama Shibe ananong'ona, makusudi ili asikike. Mama Pacha anajibu bila kugeuka: "Thubutu kushika upawa, nimpigie mdogo wako."

Presha ilichukua wiki sita kutulia. Vidonge vimerudi viwili, na daktari amemwonya asithubutu kuacha hata kimoja kwa sababu tu anajisikia vizuri. Mshipa ulipimwa, ukaonekana mzima. Na mwezi huu, kwa mara ya kwanza, amepewa miadi ya baada ya miezi mitatu badala ya wiki mbili.

"Nilimuuliza daktari mara mbili kama hajakosea kuandika," anasema. "Unajua, kwa miaka sita sijakaa mbali na hospitali zaidi ya wiki mbili."

Shule ikifungwa, yeye na mdogo wake watasafiri kwenda kwa mama yao kwa wiki mbili. Siku ya upasuaji mama huyo aligoma kuja hospitali. Vitanda vilikuwa viwili, wodi mbili, wote ni wanawe, na alisema hawezi kuchagua akae kwa nani. Tangu hapo amewaona mmoja mmoja, hajawahi kuwaona pamoja.

"Amenambia hataamini nimepona mpaka atuone wote wawili tumekaa mbele yake na hakuna anayeumwa," anasema Mama Shibe. "Tunakwenda akatuone."